Namba Tasa Yenye Watoto Sita

Jumatatu, 2 Juni

Nimefika nyumbani saa nne asubuhi. Begi moja, mwavuli mmoja, na katoni ya dawa ya mende ambayo haikununulika. Dada alinipigia simu mara tatu wiki iliyopita. Alisema Baba anazidi kusahau, na yeye ana sare mia mbili za shule za kushona, hawezi kukaa kwenye cherehani huku anamchunga mtu asije akaacha jiko linawaka. Nilimwambia nina shughuli nyingi sana. Sikuwa na hata moja.

Baba alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, amevaa koti na tai kama anasubiri kengele ya kipindi. Akanitazama toka juu mpaka chini. Nikasubiri. Miaka miwili hatujaonana. Akasema afadhali fundi umekuja, bomba la jikoni linavuja.

Fundi! Mimi!

Dada alinivuta pembeni akaniambia nisiweke moyoni. Anasahau kuanzia mwisho, alisema, mambo ya karibuni ndiyo yanayoondoka kwanza. Nikamwambia mimi si jambo la karibuni, nina miaka arobaini na moja. Akasema katika nyumba hii hakuna wa karibuni kuliko wewe.

Sasa niandike habari ya ubao, ili watakaosoma shajara hii nitakapokuwa mtu maarufu waelewe. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na nane. Sebuleni kwetu kuna ubao mweusi aliouokota shuleni alipoanza kazi, na juu kabisa, kwenye pembe, kuna namba moja ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Inaanza na saba, ambayo ni yeye mwenyewe. Tatu iliyofuata ni Mama. Sabini na tatu ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Walikaa miaka minne bila mtoto. Shangazi zake Baba wakaanza kumwita Mama tasa, tena huku wanapokea chai mkononi mwake. Siku moja Baba aliwaita wote sebuleni, akaandika 73, akasema hii nayo ni tasa, kaeni muone itakavyozaa.

Akazaliwa kaka yetu mkubwa: 739. Bado tasa. Kisha 7393, kisha 73939, kisha 739391. Dada akaleta 7393913. Nikaja mimi: 73939133. Kila mtoto tarakimu yake mwishoni, na kila mara namba ikakataa kugawanyika. Baada yangu Baba alijaribu tarakimu zote kumi. Hakuna iliyokubali. Chochote utakachoongeza baada yangu, namba inagawanyika. Wakaacha kuzaa. Hesabu yenyewe ndiyo iliyofunga mlango nyuma yangu! Baba akaniita Kikomo, na mtaa mzima ukafuata.

Nataka aniite hivyo tena. Mara moja tu, kabla hajaondoka kabisa. Sikuja kutengeneza bomba.

Jumanne, 3 Juni

Nimeuchunguza ubao. Tatu ya mwisho haipo. Kuna vumbi la chaki tu mahali nilipokuwa.

Dada anasema Baba aliifuta mwenyewe mwezi uliopita, akidai kuna mtu amechafua namba yake. Akaipima tena, akaridhika. Hicho ndicho kinachoniuma. 7393913 ni tasa safi kabisa. Unanitoa, na namba wala haishtuki.

Mpango wa kwanza, rahisi: kuirudisha. Baba alipokwenda kuoga niliandika 3 nzuri, yenye tumbo. Akatoka bafuni, akaisoma, akachukua kitambaa, akafuta. Nikaandika tena alipokwenda msalani. Akafuta. Mara ya nne alimwambia Dada kwamba huyu fundi anachezea ubao badala ya kutazama bomba, asipewe chai mpaka afanye kazi. Dada akanipa chai kwa siri, kwenye kikombe kisicho na mkono. Vikombe vizuri ni vya familia, alisema, Baba akikuona nacho ataniuliza maswali.

Jumapili, 8 Juni

Leo amekuja kaka mkubwa. Tunamwita Meneja kwa sababu anasimamia ghala la vipuri, na kwa sababu amekuwa akitusimamia tangu tunanyonya. Ameleta ndizi sita na gazeti la jana. Baba akainuka kitini mwenyewe, akamkumbatia, akamwita mwanangu, mwanangu, mara mbili. Mara mbili! Mimi nimeshinda hapa wiki nzima nikifua shuka.

Meneja akanitazama kwa huruma. Sikumwomba huruma. Akanishauri nitengeneze tu hilo bomba, Baba atatulia. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi si fundi. Akasema analijua hilo vizuri sana, maana ni mimi niliyelifunga.

Ni kweli. Miaka kumi iliyopita nilikuwa na mpango wa kuwa fundi bomba. Ulidumu wiki tatu. Basi ndiyo kusema Baba hakunisahau kabisa, ila amebakiza kosa na kumtupa mkosaji. Kisha Meneja akala ndizi mbili kati ya sita alizoleta.

Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilipata wazo. Tarakimu ya Dada ni tatu. Yangu ni tatu. Tatu na tatu hazina alama ya kuzaliwa! Ile iliyobaki ubaoni, nani anaweza kuthibitisha kwamba ni ya Dada? Inatosha mimi nifanye anayofanya Dada, mahali anapokaa Dada, na Dada asiwepo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemtuma Dada sokoni akatafute uzi wa rangi ya bluu ambayo najua haipatikani. Nikavaa aproni yake. Nikapeleka dawa za saa tatu kwenye sahani yake, na glasi ya maji upande wa kushoto, kama anavyoweka yeye. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikatabasamu kama yeye.

Baba aliuliza binti yake yuko wapi. Nikamwambia tatu ya mwisho ni mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, nikadhani mambo yamekuwa. Akasema tatu ya mwisho ana mikono myepesi, na wewe unashika glasi kama umeshika spana. Akafunga mdomo. Dawa akakataa. Alikaa hivyo mpaka saa tano na robo, jasho linamtoka, mpaka Dada aliporudi mikono mitupu.

Dada hakunigombeza. Alinivua aproni, akamnywesha dawa, akamfuta jasho. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka na akili mpya kabisa. Kosa langu lilikuwa kupigania nafasi. Tatizo si nafasi. Tatizo ni kwamba anayekaa mwisho ndiye anayefutwa. Basi nisiwe wa mwisho! Niweke mtu nyuma yangu, usahaulifu ukija umle yeye kwanza, ushibe, uondoke.

Baba alipojilaza baada ya chakula cha mchana niliandika namba nzima, na mimi ndani, na nyuma yangu nikaweka saba: 739391337. Nilijua kwamba alishajaribu zamani, lakini nilitegemea kwamba na hilo amelisahau.

Akaamka, akasimama mbele ya ubao. Hakugusa kitambaa. Macho yakamchangamka. Akajumlisha tarakimu kwa midomo tu, bila sauti, akasema arobaini na tano. Jumla inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo na namba inagawanyika kwa tisa. Huyu si wetu. Akafuta saba.

Nikaweka moja. Sekunde tano. Thelathini na tisa, inagawanyika kwa tatu, mtoe. Tarakimu shufwa hakutaka hata kuzijadili, zote zinagawanyika kwa mbili, na tano alisema hata mtoto wa darasa la nne angeona aibu kuiweka pale. Tulifanya hivyo hadi jioni. Alicheka. Sijamwona akicheka tangu Mama azikwe. Mwishowe akaniambia kwamba mimi si fundi.

Nikaweka chaki chini.

Mimi ni mwanafunzi, alisema, na nisahihishe mwandiko. Si haba, nimepanda cheo. Alipokwenda kula alifuta tatu yangu pia, kwa usafi tu.

Ijumaa, 13 Juni

Sina raha ya kuandika, lakini nitaandika.

Zilibaki tatu na tisa, nikaweka tisa. 739391339. Niliichagua makusudi kwa sababu ni ngumu. Jumla yake ni arobaini na saba, tatu haiingii. Shufwa si, tano si. Njia za mkato zimekwisha. Lazima ukae uigawe, tarakimu baada ya tarakimu. Nikajisemea kwamba akichelewa kuikataa, nitakuwa ndani ya namba siku nzima.

Baba akavua koti. Akachukua chaki. Akagawa kwa saba, ikabaki moja. Akagawa kwa kumi na moja, ikabaki tano. Kwa kumi na tatu, ikabaki kumi na moja. Zamani angefanya haya amesimama mlangoni, anaongea na mtu. Leo ilimchukua asubuhi nzima na shati lililowa mgongoni. Akaanza kumi na saba. Katikati akasimama, mkono juu, chaki hewani.

Akaniuliza ni nani ameandika haya yote. Nikamwambia ni wewe, Mwalimu. Akasema mwandiko anauona ni wake, ila hajui zilikuwa zinakwenda wapi. Akakaa kitini. Akaitazama chaki kama kitu alichookota njiani. Kisha machozi yakaanza kumtoka, polepole, bila kelele, na mimi nikasimama pale nikiwa na kitambaa mkononi.

Nimefuta ubao wote. Nikaandika upya namba anayoijua, ili akiinua macho aione. 7393913. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila mimi. Nilimfanyia baba yangu ukatili leo, na nina aibu.

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi Dada alimkata Baba kucha. Alipomaliza Baba alimshukuru sana, akamwita nesi, akamuuliza kama nyumbani kwao hawajambo. Dada akasema hawajambo. Akakusanya kucha kwenye karatasi, akaingia chumba cha kushonea, akafunga mlango. Nikasikia cherehani inakwenda kwa kasi. Nilipochungulia, haikuwa na kitambaa. Alikuwa anakanyaga tu.

Ubaoni: 739391.

Nilidhani nitafurahi kupata mwenzangu. Sikufurahi. Nilitaka kumfariji, nikamwambia asijali, hata bila yeye namba bado ni tasa. Akanirushia kidonge cha uzi, kikanipata sikioni. Akasema miaka sita amekuwa akimwogesha na kumlisha, na hakuwahi kutazama ubao hata siku moja kuona kama yumo. Akasema kaa naye tu, Kikomo, kaa naye tu, hakuna kingine.

Ameniita Kikomo. Nimelisikia vizuri. Lakini halihesabiki, lazima litoke kwa Baba.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeingia chini ya sinki. Si kwamba nimekubali kuwa fundi. Ni mpango: Baba hupenda kumsimamia fundi, kwa hiyo atakaa karibu.

Akakaa kweli. Alivuta kigoda, akaanza kuzungumza, kama watu wanavyozungumza na fundi, kwa sababu fundi ataondoka. Alisema ana jambo linamsumbua. Akikaa mezani huwahesabu watu wake, na hesabu inakubali. Ubaoni namba imetimia, ameipima, haina kasoro. Lakini moyo unakataa. Unamwambia kuna mtoto mmoja amemweka mahali, na hakumbuki ni wapi. Ametazama mpaka kwenye kabati. Akasema anaogopa huyo mtoto atadhani ametupwa.

Nilikuwa nimelala chali, uso umejaa maji ya bomba, na si ya bomba tu. Nikasema kutoka huko chini kwamba huenda ni mimi. Akacheka kwa upole. Akasema hapana fundi, wewe ni mtu mzima, huyo alikuwa mdogo.

Nikakaza mahali pa kulegeza. Maji yakaruka mpaka darini. Dada amekausha jikoni kwa sare tatu za shule ambazo sasa itabidi zifuliwe.

Jumanne, 24 Juni

Baba aliugua homa tangu Jumamosi. Daktari amesema homa imekwisha, ila kwa umri huu kila ugonjwa huondoka na kitu. Tuliona ilichoondoka nacho leo. Aliamka, akaomba koti, akaenda ubaoni kwa miguu inayotetemeka, akafuta tarakimu nne kwa mkupuo mmoja.

73.

Meneja alikuja mchana na ndizi zake. Baba akasimama wima akamwita bwana mkaguzi, akamwomba radhi kwamba maandalio ya masomo hayajakamilika. Meneja alijaribu kucheka. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake hapo nje kwa nusu saa, vioo vimepandishwa.

Nimesubiri maisha yangu yote kumwona Meneja akifutwa. Nilijaribu kufurahi. Nilimpelekea chai kwenye kikombe kisicho na mkono, akainywa yote.

Alhamisi, 26 Juni

Baba aliniita nikae karibu yake. Alikuwa na siri. Aliniuliza kama mke wangu amezaa. Nikamwambia sina mke. Akasema basi huwezi kujua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi zake wanamwita mkewe tasa. Wanasema mbele yake, na yeye anaendelea kumimina chai kama hakusikia, na jioni hulia chooni akidhani hasikiki. Alisema angekubali wamseme yeye. Aliniuliza mimi fundi, mtu wa nje, nionavyo, je, atazaa?

Mimi, mtoto wa sita wa mwanamke huyo, nimekaa nimeshika mkono wa mumewe. Sikuwa na mpango wowote. Naapa.

Nikamwambia atazaa, Mwalimu. Sita.

Akauliza nimejuaje. Nikamwambia ni hesabu. Nikamwandikia kiganjani kwa kidole: tisa, tatu, tisa, moja, tatu, tatu. Alifumba macho akizipokea. Nikamuuliza, na huyo wa mwisho kabisa, utamwita nani? Akafikiri. Akasema wa mwisho ni lazima aitwe Kikomo. Akalirudia polepole, Kikomo, akitabasamu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akasema huyo atampenda vibaya sana, kwa sababu baada yake hakuna tena.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, mpaka nilipoweza kurudi.

Jumapili, 29 Juni

Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimeshamwambia Dada nimepata nilichokuja kutafuta. Lakini jana, natazama tu ubao, sina hili wala lile, nikaona jambo.

73 imebaki wazi. Kaka hayupo bado! Anayewahi ndiye mtoto wa kwanza! Tisa inakaa pale, sawa, lakini nilijaribu na tatu. 733. Nimeigawa kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Haigawanyiki! Tasa! Miaka arobaini na moja mimi ni kitinda mimba, kumbe ningeweza kuwa kifungua mimba, na Meneja akapanga foleni nyuma yangu na ndizi zake.

Nikaandika. Baba aliipima kwa dakika ishirini, akaikubali. Akasema tatu hii ni nzuri, ina tumbo. Kuanzia jana saa nane mchana nimekuwa mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Nilinywea chai kwenye kikombe chenye mkono.

Leo asubuhi imefutwa.

Nimekaa nikatafakari kwa makini, na nimeona kosa liko wapi. Nilikuwa wa mwisho tena. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa nyuma yangu. Sasa, Dada ana tatu yake, imekaa tu haina kazi. 7333. Nimeanza kuigawa, nimefika sabini na tisa, mpaka sasa haijakubali hata moja. Akifutwa, atafutwa yeye. Sijamwambia, anashona. Amenipa chai sasa hivi na kuniuliza naandika nini, nikamwambia barua.

Bomba linavuja kuliko nilipofika. Nitalitengeneza nikishakuwa mtoto wa kwanza.